Mvinyo Mwekundu wa Kusini mwa Ufaransa: Kuchanganya si Kughushi

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, kabla ya chakula cha mchana. Yanachapwa hapa kama yalivyosemwa.)



Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze kwa muda usiozidi nusu saa juu ya jambo lolote linalohusu kazi yangu. Wengi wenu mwajua kwamba kwa zaidi ya miaka thelathini nimekula mshahara wa kuonja kahawa. Nilipomjibu kwamba ningependa kuzungumza juu ya mvinyo mwekundu wa kusini mwa Ufaransa, alikaa kimya wiki mbili, na sababu naielewa. Humu ukumbini wamo wenzetu ambao dini yao imeharimisha kinywaji hiki, wamo waliookoka, na wamo ambao daktari amewapiga marufuku. Naomba basi niwatoe wasiwasi mapema. Sikuja kuuza chupa wala kusifu ulevi. Mwonjaji, awe wa kahawa au wa mvinyo, huzungusha kinywaji mdomoni, akakitema kwenye ndoo, akaandika namba. Ni kazi ya ukarani zaidi kuliko ya starehe. Nimekuja kuwaeleza habari za wakulima fulani, na habari za neno moja ambalo limewagharimu roho za watu, yaani neno "kuchanganya".

Kazi ilinifikisha mara mbili katika jimbo la Languedoc, kwenye wilaya za Hérault na Aude, ambako nilipelekwa kutazama jinsi vyama vya ushirika vya huko vinavyopokea, kupima na kulipia mazao ya wanachama. Kabla ya safari ya kwanza, bwana mmoja anayejihesabu kuwa mjuzi wa vinywaji aliniambia nisijisumbue kuonja chochote, kwa kuwa mvinyo wa huko ni wa kuchanganya, na kitu cha kuchanganya, kwa maneno yake, ni kitu kilichokwisha haribiwa. Maneno ya namna hiyo nimeyasikia hata katika kahawa. Mimi nayapinga. Kuna kuchanganya na kuna kughushi (vijana siku hizi wanasema kuchakachua), na tofauti ya hayo mawili si ndogo. Wakulima wa kusini mwa Ufaransa waliwahi kupigwa risasi kwa ajili ya tofauti hiyo.

Lakini nianze na nchi yenyewe. Mkiwa na ramani, fuateni mto Rhône unavyoteremka kuingia bahari ya Mediterania, kisha geukeni kulia kufuata pwani hadi kwenye mpaka wa Hispania. Kando ya bahari ni tambarare yenye udongo mzito. Nyuma yake ni vilima vya mawe na vichaka vyenye harufu, ambako mbuzi angeona taabu. Mvua hunyesha zaidi wakati wa vuli na wa baridi, mara nyingine yote kwa siku moja, ikabomoa madaraja. Kiangazi ni kikavu kabisa. Halafu kuna upepo. Mistral hushuka na bonde la Rhône, na tramontane huvuma kutoka kaskazini-magharibi kuelekea baharini, siku baada ya siku, hata miti huota imeinama. Upepo huo huwatesa watu lakini hukausha majani ya mizabibu, na kwa hiyo ukungu hauwasumbui sana kama unavyowasumbua wenzao wa nchi zenye unyevu.

Katika nchi ya namna hiyo hakuna mzabibu mmoja unaoweza yote. Grenache, ambao asili yake ni Hispania, unastahimili ukame na husimama imara katika upepo. Zabibu zake hujaa sukari, na mvinyo wake huwa laini na wenye kileo kingi, lakini rangi yake ni hafifu na huchakaa upesi ukigusana na hewa. Tena hali ya hewa ikiwa mbaya wakati wa kuchanua, maua yake hupukutika, na mwaka huo mkulima hana kitu. Syrah, ulioshuka kutoka sehemu za juu za bonde la Rhône, una rangi nzito na harufu ya pilipili manga, ila machipukizi yake marefu huvunjwa na upepo usipoyafunga kwenye waya, na ukame ukizidi huanza kulegea kabla ya wenzake. Mourvèdre huchelewa mno kuiva na hutaka jua kali pamoja na udongo unaotunza maji. Wenyewe husema kwamba unataka kichwa juani na miguu majini. Cinsault una zabibu kubwa zenye maji, na mvinyo wake ni mwepesi wa kunywewa upesi.

Na mwisho kuna Carignan, ambao ndio nitakaoutetea leo. Huu nao huchelewa kuiva. Una uchachu mwingi na ukakasi mwingi, ukakasi uleule unaousikia ukitafuna ndizi mbichi au bibo la korosho. Ukipandwa kwenye udongo wenye rutuba huzaa kupita kiasi, hata kukaribia hektolita 200 za mvinyo kwa hekta moja, nao mvinyo huo hauna ladha ya maana. Ukipandwa juu ya kilima cha mawe, ukaachwa uzeeke bila waya kama kichaka kifupi, huzaa kidogo sana, na hicho kidogo ni kitu kingine kabisa.

Sasa mkulima mwenye akili atapanda upi? Atapanda minne. Maua ya huu yakipukutika, ule utakuwa bado haujachanua. Mvua ya Septemba ikiuharibu huu, ule utakuwa umekwisha vunwa. Mchanganyiko wa kusini ulianzia shambani kabla ya kufika pipani, nao haukubuniwa na mwonjaji. Ulibuniwa na mtu anayeogopa njaa. Sisi tunaochanganya mahindi na maharage na kunde katika shamba moja hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Niseme kwa ufupi jinsi unavyotengenezwa. Maji ya zabibu nyeusi kwa kawaida ni meupe. Rangi imo katika ganda. Kwa hiyo zabibu huachwa zichache pamoja na maganda yake, na rangi na ukakasi hutoka humo. Chachu hula sukari na kuigeuza kileo. Mvinyo unaoitwa mkavu ni ule ambao chachu imekwisha kula karibu sukari yote, ikabaki kwa kawaida chini ya gramu 4 katika lita moja. Ndiyo maana mtu wa kwetu aliyezoea divai tamu ya altare hushtuka akiuonja mara ya kwanza, akadhani umeharibika. Haukuharibika; sukari imekwenda kazini.

Kwa kawaida kila aina ya zabibu huchachishwa kwenye tangi lake peke yake, na shamba likiwa zuri sana nalo hupewa tangi lake. Carignan mara nyingi hutendewa kwa namna ya pekee: vishada vizima, bila kupondwa, hutiwa katika tangi lililofungwa na kujazwa hewa ya kaboni, na uchachu huanzia ndani ya zabibu yenyewe. Njia hiyo hupunguza ukakasi na kutoa harufu ya matunda. Baada ya mavuno, wakati wa baridi, waonjaji hukaa mezani wakiwa na sampuli za matangi yote na kopo la vipimo. Hujaribu sehemu tano za hili na tatu za lile na mbili za jingine, wakaonja, wakatema, wakabadilisha.

Nilipokaribishwa kwenye meza hiyo nilijiona niko kazini kwangu. Nilipewa Carignan peke yake, ikanikunja uso. Nikapewa Grenache peke yake, nayo ilikuwa nene na ya joto kama jamu iliyosahaulika kabatini, haina mahali pa kushika. Nikapewa Syrah peke yake, nzuri kwa mwanzo, lakini ilitaka kusikilizwa yenyewe tu. Walipozichanganya mbele ya macho yangu, kile kilichonikunja uso ndicho kilichoshikilia mengine yote, kama vile chumvi au ndimu inavyoshikilia mchuzi. Walipoiondoa Carignan kwa majaribio, mchanganyiko ulilala. Mwonjaji yeyote wa kahawa angeelewa pasipo mkalimani.

Huko ndiko kuchanganya. Sasa nije kwenye kughushi.

Hadi katikati ya karne ya 19 mvinyo wa Languedoc uliuzwa zaidi karibu na nyumbani au kuchemshwa kuwa kileo kikali. Reli zilipofika miaka ya 1850, miji ya kaskazini yenye viwanda ilifunguka, na wakulima wakateremka kutoka vilimani kuja kupanda tambarare, kwa kuwa kibarua wa kiwandani alitaka kinywaji kingi cha bei ndogo. Walipanda hasa Aramon, mzabibu wenye kuzaa mno na kutoa mvinyo mwepesi karibu usio na rangi. Halafu likaja balaa. Mwaka 1863, katika wilaya ya Gard, mizabibu ilianza kufa bila sababu ya kuonekana. Mwaka 1868 Jules-Émile Planchon wa Montpellier na wenzake walimgundua mdudu mdogo anayefyonza mizizi, filoksera, aliyeletwa pamoja na mizabibu kutoka Marekani. Katika miaka iliyofuata mashamba ya Ufaransa yaliteketea. Dawa iliyofaa hatimaye ni kuunganisha mzabibu wa Ufaransa juu ya shina la mzabibu wa Marekani ambalo mdudu huyo hawezi kuliua, na mizabibu mingi ya ulimwengu imesimama juu ya mashina hayo hadi leo.

Lakini wakati mashamba yamekufa wanywaji hawakufa. Wafanyabiashara walileta zabibu kavu kutoka ng'ambo, wakaziloweka maji, wakatia sukari, wakauza kwa jina la mvinyo. Maganda yaliyokwisha kamuliwa yalitiwa maji na sukari mara ya pili. Algeria, iliyokuwa koloni la Ufaransa, ilipandwa mizabibu kwa maelfu ya hekta. Kisha mashamba ya Languedoc yalipofufuka na kuzaa kuliko mwanzo, wale wa maji na sukari hawakuacha biashara yao, na mwaka 1903 kodi ya sukari ilipunguzwa, kazi yao ikawa rahisi zaidi. Bei ilianguka hata mvinyo halisi ukawa haulipi gharama ya kuuvuna. Mwenye shamba, kibarua, mfua mapipa na muuza duka wote walikuwa wakila kwenye sahani hiyohiyo moja.

Tarehe 11 Machi 1907 wakulima 87 wa kijiji cha Argeliers waliondoka kwa miguu kwenda Narbonne kuonana na tume ya bunge. Aliyewaongoza aliitwa Marcelin Albert, mkulima mdogo mwenye duka la kahawa kijijini. Tangu hapo kila Jumapili palifanyika mkutano, na kila mkutano uliupita uliotangulia, mpaka Juni 9 huko Montpellier walipokusanyika zaidi ya watu nusu milioni. Ombi lao, nawaombeni mlizingatie, halikuwa ruzuku. Waliomba sheria iseme mvinyo ni kitu gani.

Serikali ya Clemenceau ilituma askari. Juni 19 alikamatwa Ernest Ferroul, meya wa Narbonne, daktari na msoshalisti, na katika siku ile na iliyofuata askari waliwapiga watu risasi mitaani. Miongoni mwa waliokufa alikuwamo msichana wa miaka 20 aliyekuja mjini sokoni. Habari zilipofika Agde, askari wapatao 500 wa kikosi cha 17, ambao wengi wao walikuwa watoto wa wakulima haohao, waliasi, wakachukua silaha, wakatembea usiku kwenda Béziers, wakakaa uwanjani na wananchi. Hawakupigwa risasi kwa uasi wao. Walipelekwa Gafsa, Tunisia. Naye Albert alikwenda Paris kwa siri kuonana na Clemenceau, na alipoondoka waziri mkuu alimpa faranga 100 za nauli ya treni, kisha habari hiyo ikafikishwa kwa waandishi wa magazeti. Kwa noti hiyo moja heshima yake ilikwisha. Wenzake walimwona kama mtu aliyenunuliwa, akafa mwaka 1921 katika umaskini. Mimi namhurumia. Kuna njia nyingi za kummaliza kiongozi wa wakulima, na kumlipia nauli ni mojawapo ya zile za gharama ndogo.

Hata hivyo sheria ilipatikana. Tarehe 29 Juni 1907 ilitungwa sheria dhidi ya kutia maji na sukari, na kila mkulima akatakiwa kutangaza mavuno yake yote. Mwezi Septemba mwaka huohuo ilitolewa amri iliyosema kwamba hakuna kitakachouzwa kwa jina la mvinyo isipokuwa kilichotokana na kuchacha kwa zabibu mbichi au maji ya zabibu mbichi. Mnaona wenyewe kwamba amri hiyo haikukataza kuchanganya zabibu na zabibu. Ilikataza kuchanganya zabibu na uongo.

Ndugu zangu, hapa sasa naingia sehemu iliyonipeleka huko, na kwa wale miongoni mwenu mliolelewa kwa kahawa au pamba naamini itawagusa. Mkishachanganya, nani alipwe nini?

Vyama vya ushirika vilikuwa vimekwisha anza. Kule Maraussan, karibu na Béziers, wakulima wadogo walianzisha chama mwaka 1901 na kujenga ghala lao la pamoja mwaka 1905. Mvinyo wao waliuza moja kwa moja kwa vyama vya ushirika vya wanunuzi huko Paris, na Jean Jaurès mwenyewe alikuja kuwatembelea. Baada ya 1907 vyama vilienea, mpaka karibu kila kijiji kikawa na jengo lake kubwa la matangi, kubwa mara nyingine kuliko kanisa. Mkulima mwenye hekta mbili hana uwezo wa kununua mashine ya kukamulia wala matangi. Akipeleka zabibu zake chamani anapata vyote. Ila zabibu zake zinaingia tangi moja na za jirani, na tangu dakika hiyo hakuna anayeweza kuzitenga.

Njia iliyotumika kwa muda mrefu ilikuwa kuzidisha kilo kwa digrii, maana yake uzito wa zabibu na kipimo cha sukari iliyomo. Ni njia safi, haina upendeleo, karani yeyote aweza kuikokotoa. Lakini tazameni ilichokifanya. Mtu wa tambarare aliyevuna tani nyingi za zabibu za kawaida alilipwa vizuri. Mtu wa kilimani, mwenye Carignan ya miaka 60 inayozaa vishada vichache vilivyokoza, alilipwa senti zilizohesabika, ijapokuwa mwonjaji akifika mezani ni tangi la yule wa kilimani analolitafuta kwanza. Mzani hauna ulimi. Basi watu wa vilimani waling'oa, au watoto wao wakahamia mjini, na mchanganyiko ukapoteza uti wa mgongo wake bila mtu yeyote kughushi chochote.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa wanachama ambapo kamati ilileta pendekezo kwamba kabla ya mavuno mkaguzi apite kila shamba, aliweke katika daraja, na malipo yafuate daraja. Watu wa tambarare walipiga kelele kwamba huo ni upendeleo. Mzee mmoja wa kilimani akasimama, mkono mmoja mfukoni, akauliza kwa utulivu ni nani ukumbini aliyekuwa tayari kunywa tangi lake mwenyewe peke yake mwaka mzima. Hakuna aliyejibu. Pendekezo lilipita kwa kura chache. Vyama vingi vya huko sasa vinalipa kwa kufuata ubora wa shamba kwa namna moja au nyingine, na magomvi hayajaisha, wala sidhani yataisha.

Sitaki kuzungumzia ya kwetu kwa kirefu, kwa kuwa wengine mliohusika mmekaa mstari wa mbele. Ila nimeonja kahawa ya mama aliyechuma nyekundu tupu, akaanika juu ya kitanda cha waya, akaigeuza mchana kutwa, nami nikijua kwamba gunia lake litamwagwa pamoja na la mtu aliyeanika kando ya barabara, na wote wawili watalipwa bei moja. Mchanganyiko wa namna hiyo si wa kughushi, lakini unamfundisha yule mama kwamba anajisumbua bure.

Wakosoaji nao wana hoja yao, na haki ni kuitaja. Kwa miongo mingi mvinyo mwepesi wa Aramon ulichanganywa na mvinyo mzito wa Algeria ulioshushwa bandari ya Sète, ukauzwa kwa digrii za kileo chini ya majina ya wafanyabiashara, na mnywaji hakuambiwa kitu. Hapakuwa na sukari wala maji, na sheria haikuvunjwa. Lakini palikuwa na ukimya, na mimi ukimya huo siupendi. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962 biashara hiyo ilianza kufifia, na mwaka 1970 kanuni za Soko la Pamoja la Ulaya zilikataza kuchanganya mvinyo wa nchi wanachama na wa nje. Nafasi ya Algeria ikachukuliwa na Italia. Bei ikaanguka tena, hasira ikarudi, na tarehe 4 Machi 1976, huko Montredon-des-Corbières karibu na Narbonne, wakulima na polisi walirushiana risasi. Walikufa wawili, mkulima mmoja na kamanda mmoja wa polisi. Mwaka huohuo, mtakumbuka, hapa Tanzania vyama vyetu vikuu vya ushirika vilifutwa, visirudi mpaka kwa sheria ya mwaka 1982. Huko kwao havikufutwa, na pengine ndiyo sababu palikuwa na mahali pa kuanzia upya.

Walianzia kwenye jina. Ufaransa ilikuwa na mpango tangu miaka ya 1930 wa kulinda majina ya mahali. Châteauneuf-du-Pape, kando ya Rhône, ilipata haki hiyo mwaka 1936, ikiwa na orodha ya aina 13 za mizabibu inayoruhusiwa kuchanganywa. Upande wa Languedoc walichelewa. Fitou ilipata mwaka 1948, Faugères na Saint-Chinian mwaka 1982, Corbières na Minervois mwaka 1985. Jina hilo lina masharti: mipaka ya ardhi, aina za mizabibu, kiasi cha juu cha mavuno kwa hekta. Na sharti moja ndilo ningependa yule bwana mjuzi angelisikia. Mvinyo mwekundu wa Corbières hauwezi kuwa wa mzabibu wa aina moja tu. Ni lazima uchanganywe. Kile alichokiita uharibifu ndicho sheria inachodai.

Sipendi kuwaachia picha kwamba mambo yao sasa ni shwari. Wafaransa wenyewe, ambao miaka ya 1960 walikunywa zaidi ya lita 100 kwa mtu kwa mwaka, leo hawafikii nusu yake. Serikali na Soko la Ulaya wamelipa watu kung'oa mizabibu mara kwa mara, na katika mpango ulioanza mwishoni mwa 2024 mkulima alilipwa euro 4,000 kwa kila hekta aliyong'oa. Tarehe 28 Juni 2019, kijiji cha Vérargues katika Hérault kilipimwa nyuzi 46 za joto, na majani na zabibu za jirani zake ziliungua kama zilizopitishwa motoni. Mwezi Agosti 2025 moto wenyewe ulipita katika vilima vya Corbières na kuteketeza zaidi ya hekta 10,000 za misitu na vichaka. Mara nyingi mashamba ya mizabibu ndiyo huzuia moto huko, kwa kuwa udongo kati ya mistari huwa mtupu. Palipong'olewa mizabibu, vichaka huingia, na moto hupata njia.

Na joto hilo limebadilisha hesabu ya mezani. Miaka ya 1980 wataalamu waliwahimiza watu wang'oe Carignan na kupanda Syrah, na wengi walilipwa kufanya hivyo. Sasa Syrah huiva mapema mno, sukari hupanda, uchachu hushuka, na mvinyo huwa mzito usio na uhai. Carignan inayochelewa, ile iliyonikunja uso, hubaki na uchachu wake hata katika mwaka wa moto. Kijiji nilichokitembelea mara ya pili walikuwa wakitafuta mashamba ya zamani ya Carignan yaliyosahauliwa, na chama kilikuwa kikilipa zaidi kwa tani ya hizo kuliko kwa tani ya Syrah. Wenye nazo walikuwa wachache, wengi wao wazee, na mmoja alinionyesha mashina yaliyopandwa na babu yake, meusi, yaliyojikunja, mafupi kuliko meza hii. Alisema watu wa kung'oa walimfuata mara tatu, naye kila mara aliwaambia warudi mwaka ujao.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa, na harufu ya pilau imekwisha ingia ukumbini kabla ya pilau yenyewe. Niko tayari kwa maswali. Mwenye swali la kahawa naye aulize, hilo nitalijibu kwa ujasiri zaidi.